Kuhesabu vitu ndani ya orodha iliyopangwa bila kuipitia yote

Una orodha ya namba milioni moja, zimekwisha kupangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na unaulizwa: 63 imo mara ngapi? Njia inayokuja kichwani kwanza ni kuanza mwanzo wa orodha na kuhesabu mpaka mwisho. Jibu litakuwa sahihi. Ila utakuwa umeifanyia kazi orodha hiyo kana kwamba ni vurugu tupu, na aliyeipanga amejisumbua bure. Ukiutumia mpangilio wenyewe, jibu hilohilo unalipata kwa kutazama vitu 40 hivi kati ya hiyo milioni.

Mifano yangu nimeiandika kwa Python kwa sababu inasomeka kirahisi hata na asiyeitumia kila siku. Mantiki yenyewe haibadiliki ukiandika kwa C++, Java au lugha nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha orodha imepangwa, tena kwa kanuni unayoidhani

Usiiruke hatua hii. Njia tutakayoitumia ni utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu, yaani kutazama kitu cha katikati kisha kuiacha nusu isiyohusika, na kurudia hivyo. Njia hii hailalamiki ikipewa orodha isiyopangwa. Haitoi kosa wala onyo, inakupa namba tu, na namba hiyo ni ya uongo.

Mara nyingi orodha imepangwa kweli, ila kwa kanuni tofauti na ile uliyonayo kichwani. Namba zilizohifadhiwa kama maandishi hupangwa kwa herufi, hivyo "10" inatangulia "9". Katika lugha nyingi za programu herufi kubwa zote hutangulia herufi ndogo, hivyo "Zawadi" inakaa kabla ya "asali". Tarehe zilizoandikwa kwa mtindo wa 2024-03-07 hujipanga vizuri hata zikiwa maandishi, kwa kuwa mwaka umetangulia. Zikiandikwa kwa kuanza na siku, mpangilio wake hauna maana yoyote ya wakati. Na kwenye desimali kuna ile thamani maalumu isiyo namba, ambayo Python huiandika `nan`: haiko chini ya kitu chochote, haiko juu ya chochote, na haiko sawa hata na yenyewe. Ikiingia moja tu, orodha nzima haiaminiki tena. Iondoe kabla ya kupanga.

Ukitaka kukagua:

```python
def imepangwa(orodha):
    return all(orodha[i] <= orodha[i + 1] for i in range(len(orodha) - 1))
```

Ukaguzi huu unapita orodha yote, kwa hiyo uweke kwenye majaribio yako. Ukiuita kila unapohesabu, faida yote ya njia hii imekwisha.

Hatua ya 2: Badilisha swali

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya namna hii, nilitafuta 63 mojawapo kwa kugawa nusu, kisha nikatembea kushoto na kulia nikihesabu 63 nyingine zilizopakana nayo. Kwenye data ya majaribio iliruka kama mshale. Ilipofika kwenye data halisi, karibu nusu ya safu nzima ilikuwa namba sifuri. Kuipata sifuri moja kulichukua hatua chache tu, na kutembea kushoto na kulia kukapita karibu nusu ya orodha. Nilikuwa nimerudi kule kwenye kuhesabu moja moja, tena kwa msimbo mrefu zaidi.

Kosa lilikuwa kwenye swali. Usiulize "63 iko wapi?" Uliza: "Ni wangapi wameitangulia?" Kwenye orodha iliyopangwa swali hili lina majibu mawili yenye faida:

- Ni vitu vingapi vilivyo chini ya 63? Jibu hili tuliite ukingo wa kushoto.
- Ni vitu vingapi visivyozidi 63, yaani vilivyo chini yake pamoja na vilivyo sawa nayo? Huu ni ukingo wa kulia.

Toa la kwanza kwenye la pili. Kinachobaki ni idadi ya 63. Hakuna kutembea, na hakuna haja hata ya kujua kama 63 imo au haimo: isipokuwemo, kingo mbili zitakutana mahali pamoja na tofauti itakuwa sifuri.

Chukua orodha hii:

```python
alama = [41, 47, 52, 52, 58, 63, 63, 63, 63, 70, 74, 81]
```

Vitu vilivyo chini ya 63 ni vitano. Visivyozidi 63 ni tisa. Tisa toa tano ni nne, na kweli 63 ziko nne. Sasa jaribu 60, ambayo haimo: vilivyo chini yake ni vitano, visivyoizidi ni vitano vilevile. Sifuri.

Angalia pia kwamba hizo tano ni idadi na ni nafasi kwa wakati mmoja. Tukianza kuhesabu nafasi kutoka 0, nafasi ya 5 ndipo 63 ya kwanza ilipo. Bila bahati hiyo ndogo ya kuanzia sifuri, msimbo wetu ungejaa kujumlisha na kutoa moja kila mahali.

Hatua ya 3: Andika ukingo wa kushoto

```python
def ukingo_kushoto(orodha, x):
    chini = 0
    juu = len(orodha)
    while chini < juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if orodha[kati] < x:
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati
    return chini
```

Usiikariri. Shika ahadi mbili ambazo kitanzi hiki, yaani sehemu ya `while` inayorudiwarudiwa, hakizivunji hata mara moja. Kila kitu kilicho kushoto mwa `chini` ni kidogo kuliko x. Kila kitu kuanzia `juu` na kuendelea si kidogo kuliko x. Mwanzoni ahadi zote mbili ni za kweli bila jasho, kwa kuwa kushoto mwa 0 hakuna kitu, na kuanzia mwisho wa orodha hakuna kitu pia. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo na vitu ambavyo bado hatujavijua, na kila mzunguko hukata eneo hilo takribani nusu. Alama mbili zikikutana, hakuna kisichojulikana tena, na pale zilipokutana ndipo ukingo ulipo.

Tuifuate kwa 63 kwenye orodha yetu. `chini` ni 0 na `juu` ni 12. Kati ni 6, pana 63, si ndogo kuliko 63, basi `juu` inashuka hadi 6. Kati sasa ni 3, pana 52, ni ndogo, `chini` inapanda hadi 4. Kati ni 5, pana 63, `juu` inakuwa 5. Kati ni 4, pana 58, ni ndogo, `chini` inakuwa 5. Zimekutana. Jibu ni 5, kwa kutazama vitu vinne.

Ona kwamba tuliikanyaga 63 kwenye mzunguko wa kwanza kabisa na hatukusimama. Mwanafunzi hutamani kuongeza mstari wa "ikiwa ni sawa, rudisha". Mstari huo ndio unaoharibu kila kitu, kwa sababu hukupa 63 yoyote ile, wakati wewe unaitaka ya kwanza.

Na `juu` huanza na `len(orodha)`, wala si `len(orodha) - 1`. Jibu lina haki ya kuwa 12: ukiuliza ni vingapi vilivyo chini ya 100, vyote 12 viko chini yake. Ukianza na 11, jibu hilo halitapatikana kamwe.

Ukingo wa kulia ni msimbo uleule, ila alama moja inabadilika:

```python
def ukingo_kulia(orodha, x):
    chini = 0
    juu = len(orodha)
    while chini < juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if orodha[kati] <= x:
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati
    return chini
```

Kwa orodha ya milioni moja kitanzi hakizunguki zaidi ya mara 20. Kwa bilioni moja, mara 30. Orodha imekua mara elfu na kazi imeongezeka mizunguko kumi.

Usidanganywe na ufupi wa msimbo huu. Njia ya kugawa nusu ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1946, na toleo la kwanza lililochapishwa likifanya kazi kwa orodha ya urefu wowote ni la mwaka 1960. Na mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika utafutaji huo kwenye maktaba ya Java (mkusanyo wa msimbo unaokuja tayari na lugha), alitangaza kwamba msimbo wake ulikuwa na hitilafu iliyokaa humo kwa miaka tisa hivi. Hitilafu ilikuwa kwenye mstari wa `kati`. Namba kamili ya biti 32 haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na `chini + juu` kwenye safu kubwa mno hupita hapo na kugeuka hasi. Python haina tatizo hili kwa kuwa namba zake kamili hukua kadiri zinavyohitajika. Ukiandika kwa C, C++ au Java, tumia `chini + (juu - chini) / 2`. Jibu ni lilelile, na hakuna kufurika.

Hatua ya 4: Hesabu

```python
def idadi_ya(orodha, x):
    return ukingo_kulia(orodha, x) - ukingo_kushoto(orodha, x)
```

Ndiyo hiyo tu.

Hatua ya 5: Hesabu vilivyo kati ya namba mbili

Kwenye kazi za kila siku swali hili huja mara nyingi kuliko lile la kwanza: matukio mangapi yametokea kati ya saa hii na saa ile, alama ngapi ziko kati ya 50 na 70. Jibu ni tofauti ya kingo mbili vilevile, ila lazima uamue kama ncha zinahesabiwa au la. Nikiandika L kwa ukingo wa kushoto na R kwa wa kulia, na mipaka ikiwa a na b:

```
a na b zote zimo:      R(b) - L(a)
a imo, b haimo:        L(b) - L(a)
a haimo, b imo:        R(b) - R(a)
zote mbili hazimo:     L(b) - R(a)
```

Kwa alama kati ya 50 na 70, zote zikiwemo: R(70) ni 10, L(50) ni 2, jibu ni 8. Hesabu kwa kidole ujiridhishe.

Mstari wa mwisho una mtego. Ikiwa a na b ni sawa, kwa mfano zote 63, unapata 5 toa 9, yaani hasi nne. Na mtu akigeuza mipaka, akakupa 70 mwanzo na 50 mwisho, mistari yote minne inaweza kukupa hasi. Funga jibu ndani ya `max(0, ...)`, au ukatae mipaka iliyogeuzwa kwa kutoa kosa. Mimi hupendelea kutoa kosa pale a inapozidi b, kwa sababu aliyegeuza mipaka ana tatizo kubwa zaidi kwingine, na sifuri ya kimyakimya itamficha asilione.

Kwa wakati, ninakushauri uzoee mstari wa pili: mwanzo umo, mwisho haumo. Siku moja inaishia pale nyingine inapoanzia, hakuna tukio linalohesabiwa mara mbili, na hakuna anayelazimika kuandika 23:59:59 huku akisahau sehemu za sekunde zilizobaki.

Mbinu hii inafanya kazi hata kwenye maneno. Ukiwa na orodha ya maneno yaliyopangwa, yote kwa herufi ndogo, na unataka idadi ya yanayoanza na "ki", tafuta L("kj") na utoe L("ki"). Kila neno linaloanza na "ki", liwe kiatu, kikapu au kiziwi, linakaa kati ya kingo hizo mbili. Kanuni ni kuongeza herufi ya mwisho ya kiambishi kwa moja.

Usiandike upya kilichopo tayari

Baada ya kuelewa, tumia maktaba. Python ina moduli ya `bisect`, yenye `bisect_left` na `bisect_right`, ambazo ni kingo zetu mbili. Tangu toleo la 3.10 zinakubali `key`, kwa ajili ya orodha ya vitu vyenye sehemu nyingi, lakini kumbuka kwamba `key` haitumiki kwenye x unayoitafuta. Ukipanga watu kwa umri, peleka umri wenyewe, wala si mtu mzima. Na usihesabu kwa kukata kipande, kama `len(alama[2:10])`. Kukata kunanakili vitu vyote vya kipande hicho ili ujue tu urefu wake, na urefu huo ulikuwa nao mkononi tayari.

C++ ina `std::lower_bound` na `std::upper_bound`, pamoja na `std::equal_range` inayorudisha zote mbili kwa pamoja.

Java inahitaji tahadhari zaidi. `Arrays.binarySearch` haikuahidi itakupa nafasi ipi pale vitu vinapojirudia, kwa hiyo haifai kuhesabia hivihivi. Kitu kisipokuwemo hurudisha namba hasi: hasi ya nafasi ambapo kingepachikwa, ukitoa moja. Hiyo moja inashangaza mwanzoni, ila ina sababu yake. Bila hiyo, kitu kinachostahili kupachikwa nafasi ya 0 kingerudisha 0, na usingejua kama kimepatikana au la. Kwa Java, andika kingo zako mwenyewe.

Pale orodha isipokuwa safu

Yote niliyoyasema yanategemea jambo moja: kwamba unaweza kuruka moja kwa moja hadi nafasi ya kati. Kwenye safu, ambayo vitu vyake vimekaa mfululizo kwenye kumbukumbu, inawezekana. Kwenye orodha iliyoungwa kwa viungo haiwezekani, kwa sababu kufika katikati ni lazima upite kwa wote waliotangulia.

Miti, ambayo huhifadhi vitu kwenye nodi zenye matawi ya kushoto na kulia, ndiyo inayodanganya watu zaidi. `std::set` na `std::multiset` za C++ zinapanga vitu vyake na zinapata ukingo haraka. Ukishazipata kingo mbili, unataka kujua umbali kati yake, unaita `std::distance`, na hiyo inatembea nodi moja moja. Hata `count` ya `multiset` huchukua muda unaokua kadiri vitu vilivyo sawa vinavyoongezeka. Ni lile kosa langu la sifuri, safari hii limejificha ndani ya maktaba. Java nayo ina shimo hilohilo: kwenye `TreeSet`, `headSet(x).size()` inaonekana nyepesi, ila ndani yake inahesabu moja moja.

Dawa ni mti ambao kila nodi inabeba idadi ya vitu vilivyo chini ya tawi lake. Unaposhuka kutafuta x, kila ukielekea kulia unajumlisha idadi ya tawi la kushoto uliloliacha pamoja na nodi yenyewe. Ukifika chini, jumla hiyo ndiyo waliotangulia. Ikiwa thamani zako ni namba kamili za kiwango kinachojulikana, kwa mfano 0 hadi 100,000, kuna kitu chepesi zaidi cha kuandika: mti wa Fenwick, uliochapishwa na Peter Fenwick mwaka 1994. Unakaa ndani ya safu ya kawaida, na msimbo wake hauzidi mistari kumi na kitu.

Kabla hujakimbilia huko, pima kwanza. `bisect.insort` ya Python, inayopachika kitu kipya kwenye orodha iliyopangwa, hupata nafasi haraka, kisha husogeza vitu vyote vya kulia ili kupata upenyo. Kwa nadharia ya vitabuni hiyo ni gharama kubwa. Kwa orodha ya maelfu machache, kompyuta husogeza kipande cha kumbukumbu kwa wepesi kiasi kwamba hutaona tofauti.

Wakati ambao njia hii haifai

Kama orodha haijapangwa na una swali moja tu, hesabu kwa kupita mara moja na uendelee na maisha. Kupanga peke yake ni kazi kubwa kuliko kupita. Kwa vitu milioni moja, kupanga huanza kulipa pale maswali yanapopita takribani 20. Kama maswali yako yote ni ya "imo mara ngapi" bila yale ya "kati ya a na b", kamusi ya hesabu, ile Python inayoiita `Counter`, inajibu kila moja papo hapo na haihitaji mpangilio wowote.

Hatua ya 6: Ijaribu dhidi ya njia ya kijinga

Njia ya kupita orodha yote ni ya polepole lakini haikosei, kwa hiyo inafaa kuwa shahidi.

```python
import random

for _ in range(10000):
    n = random.randint(0, 12)
    orodha = sorted(random.randint(0, 5) for _ in range(n))
    x = random.randint(-1, 6)
    assert idadi_ya(orodha, x) == orodha.count(x)
```

Namba hizo ndogo nimezichagua kwa makusudi. Thamani za 0 hadi 5 zinalazimisha marudio. Urefu unaoanzia 0 unaleta orodha tupu. Na x ya -1 au 6 iko nje ya ncha zote mbili. Hitilafu nyingi hujificha kwenye kona hizo, na ungetumia namba za milioni usingezikuta hata ukijaribu siku nzima.

Jaribio likikwama bila kumaliza, tazama mstari wa `chini = kati + 1`. Pengine umeandika `chini = kati`. Alama mbili zikibaki na pengo la kitu kimoja, `kati` inaangukia palepale `chini` ilipo, hakuna kinachosogea, na kitanzi kinazunguka milele. Likikosea kwa moja tu, tena kwenye x kubwa pekee, rudi kwenye `juu = len(orodha)` uone kama hukuipunguza.